Neno Nililolisema Kaburini

Sehemu ya tisa

Kwa aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa kifupi. Naitwa Severin. Nilizaliwa Mgeta, mtoto wa wakulima wa kabichi. Nikashuka mjini nikawa fundi kiwandani, nikajisomea kwa masomo ya posta mpaka nikaweza kuandika hotuba yangu mwenyewe. Mwaka tisini na nne madiwani wenzangu wakanichagua kuwa Meya wa Morogoro.

Wiki iliyopita nilisimulia jinsi ukuta wa ghala la zamani la ushirika ulivyoanguka Jumatano ya Juma Kuu, masika ya mwaka tisini na sita. Ulimuua diwani Salum Maganga, rafiki yangu. Wauza mitumba waliokuwa ndani walitoka wazima wote, kwa sababu Salum aliingia akawafukuza kwa makelele na matusi kama mtu aliyepandwa na wazimu. Akabaki yeye.

Niliishia makaburini Kola, nikiwa nimesimama mbele ya jeneza nikikataa lishushwe.

Naendelea hapo hapo. Na leo nitasema jambo ambalo kwa wiki nane nimekuwa nikilizunguka.

Salum alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akazaa, akazeeka, akazikwa huku huku. Mimi ni Mluguru. Kati ya watu wake na wangu uko utani wa tangu enzi za misafara ya wapagazi. Kwa hiyo msibani kwake mimi sikuwa Meya. Nilikuwa mtani, na mtani ana kazi yake: kuzuia maziko kwa mzaha mpaka wafiwa wacheke.

"Simameni hapo!" nilisema. "Huyu hazikwi mpaka nipewe kofia yake."

"Wewe Mluguru, tuondolee mguu wako mfupi ukingoni!" alifoka Abasi, kaka mkubwa wa marehemu, mstaafu wa reli. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio, lakini naye alikuwa anajua kazi yake. "Kuzaliwa mteremkoni kumekuharibu. Utatumbukia humo tuzike wawili."

"Hazikwi! Mnamlilia nini? Huyu nimemuua mimi!"

Watu wakaanza kucheka huku wanajifuta macho.

"Nasema nimemuua mimi. Nilichoka kusemwa na mpagazi. Nikautafuta ukuta, nikamwangushia."

"Muueni na yeye!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Kicheko kikazidi. Mtu mmoja alinivuta shati, mwingine akanivalisha kofia ya Salum, nikasogea. Mwili ukashuka.

Nilisimama pembeni na ile kofia kichwani, nikahisi kifua kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nilijiambia ni kwa sababu nimetimiza wajibu wangu kwa rafiki.

Haikuwa hivyo.

*

Jumanne iliyofuata, ofisi zilipofunguliwa baada ya Pasaka, Naibu Meya, Ezekiel, aliingia ofisini kwangu bila jalada mkononi. Huyu kwao ni Bukoba. Alikuja Morogoro kwa uhamisho wa benki, akaupenda mji akabaki. Wengi walidhani anakitaka kiti changu. Huenda alikitaka. Lakini kwa siku hiyo simlaumu.

"Mheshimiwa, sikuja kwa ugomvi."

"Kaa, Ezekiel."

Hakukaa.

"Ijumaa ulisema mbele ya umati kwamba umeua."

"Nilikuwa mtani wa marehemu."

"Hilo neno nimeambiwa na kila mtu tangu Ijumaa. Mtani, mtani, mtani. Kwetu mtu akisimama kaburini akasema ameua, hapewi kofia. Anapelekwa kituoni."

Nilitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Nikuulize swali moja tu," akasema. "Ulijua kwamba ule ukuta ni mbovu?"

"Lile ghala ni la zamani, Ezekiel. Lilijengwa kabla yetu."

"Sikukuuliza limejengwa lini."

"Mvua ya safari hii imekuwa kubwa mno."

Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa jibu ambalo hakulitaka.

"Basi nitaleta hoja ya kutokuwa na imani na wewe. Ukinijibu swali langu kabla ya Baraza kukaa, nitaichana."

Alifunga mlango taratibu sana. Ningefurahi kama angeubamiza.

*

Mchana wa siku hiyo alikuja Leonard, mhandisi wetu. Kijana msafi, mwoga wa makosa, ambaye mimi mwenyewe nilimpigania apate kazi Manispaa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mbona jasho?"

"Nakala ya ile barua yangu haimo tena kwenye faili."

"Imekwenda wapi?"

"Nimeichoma."

Nilinyanyuka nikafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Wataanza kukuuliza wewe, mzee, halafu wataniuliza mimi. Kisheria naweza kulifunga jengo bovu bila kungoja idhini ya mtu. Sikulifunga. Niliogopa utakasirika." Akajifuta jasho. "Ukuta umeangushwa na mvua. Tuseme hivyo wote wawili."

Nilimwambia aende nyumbani akapumzike.

Hilo ndilo jibu nililompa.

*

Sasa nieleze hiyo barua.

Wakati ule enzi ya ruksa, ya kila mtu kujiuzia chake, ilikuwa imetoka tu kupita. Ushirika ulikuwa umekufa, viwanda vilikuwa vinauzwa au vinafungwa, na waliopunguzwa kazi walikuwa wamejaa barabarani na marobota ya mitumba. Mimi ndiye niliyesema lile ghala tupu la karibu na stesheni lifunguliwe, watu waache kuuza kwenye jua na tope. Nilikata utepe. Picha yangu ilitoka gazetini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya siasa, watu walinipungia mkono bila mimi kuanza.

Wiki tatu kabla ya Pasaka, Leonard aliniandikia kwamba ukuta wa magharibi umepasuka kuanzia msingi, na wauzaji watolewe kabla mvua haijakolea.

Barua niliisoma. Sitaki mtu aseme ilipotea mezani. Niliisoma mara mbili.

Kesho yake nikamwita Martina, mama aliyekuwa kiongozi wa wauzaji, nikamdokeza kwamba huenda ghala likafungwa kidogo kwa ukarabati.

"Mheshimiwa, usituue," alisema. "Nguo za watoto zinatoka wiki hizi tu. Pasaka ikipita, tufunge hata mwezi."

Nikaona ana haki. Nikachukua penseli, nikaandika pembeni mwa barua: "Lifungwe Jumanne baada ya Pasaka." Kisha nikaiweka kwenye droo.

Mimi ni mtu wa mpango. Nilijifunza peke yangu, na anayejifunza peke yake hupenda kila kitu kiwe na tarehe yake. Nikaupangia ukuta tarehe ya kuanguka.

Kuna jingine, na hili ni zito zaidi.

Siku chache baadaye Salum aliingia ofisini. Ghala lilikuwa kwenye kata yake. Kama kawaida yetu hatukusalimiana.

"Mluguru, unakaa kiti kikubwa hivyo, wewe ni meya wa nini? Kwenu hata watoto uliowazaa si wako, ni wa ukoo wa mama yao."

"Na wewe mpagazi umeingia na mzigo gani leo? Tua, unywe maji."

"Mzigo wangu ni ule ukuta wa magharibi. Umeinama kama wewe ukipanda kwenu Mgeta. Ufunge kabla haujanifunga mimi mdomo."

"Ukikuangukia wewe nitashukuru. Nitakula ubwabwa wa matanga na kofia yako nitachukua."

Tulicheka wote wawili mpaka karani wangu akachungulia.

Salum aliinuka. Alipofika mlangoni akageuka, mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Severin, safari hii sitanii."

Hakuwahi kuniita Severin. Miaka kumi na tisa, tangu tuko karakana moja kiwandani, aliniita Mluguru. Nililisikia jina langu, na nilijua maana yake.

Lakini kicheko kilikuwa bado kinywani, na barua ilikuwa kwenye droo, na Pasaka ilikuwa karibu.

"Mnyamwezi asiyetania," nikamwambia, "huyo ameshakufa."

Akacheka. Akaenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alisema la kweli nikalifanya utani. Na mimi kaburini nilisema la kweli, nikijua fika kwamba mahali pale peke yake duniani ndipo mtu anapoweza kusema ameua na akavalishwa kofia.

*

Mke wangu Winfrida hakuwa makaburini, lakini alisikia. Alinitengea chakula, akakaa mbele yangu, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Wanasema ulichekesha sana."

"Ndiyo kazi ya mtani."

"Mbona tangu siku hiyo huli?"

Nikamega tonge, nikalirudisha kwenye sahani.

"Baba Rahel, sikuulizi. Nakwambia tu kwamba mjane wa Salum, Bi Mwamvua, yuko eda, hawezi kutoka kwenda kutafuta habari. Atajua atakachopelekewa na watu. Nenda wewe kabla ya watu."

Nikaenda kesho yake asubuhi, kwa miguu. Kutoka Kilakala hadi Mji Mpya ni mwendo, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Niliipata moja fupi, isiyo na "lakini" ndani yake. Nikaishika hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Abasi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Mlima umeshuka!" alisema. "Umefuata nini, kofia haikukutosha?"

"Nimekuja kumpa pole shemeji."

"Pita. Yuko nyuma ya pazia."

Walinipa kigoda. Pazia lilikuwa khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Nyuma yake nikasikia Bi Mwamvua anavuta mkeka karibu.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa, shemeji. Winfrida hajambo?"

"Hajambo. Shemeji, nimekuja kukwambia neno."

"Nalijua. Abasi ameniambia. Wanataka kukutoa kwenye kiti kwa sababu ya utani."

"Si hilo, shemeji. Ni kabla ya—"

"Ngoja kwanza mimi niseme." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza machozi. "Tangu Jumatano ile sikuwa nimecheka. Walipokuja kuniambia umezuia jeneza, unadai umemwangushia ukuta kwa sababu ya kusemwa, nilicheka humu ndani peke yangu mpaka nikaogopa nimeharibu eda. Nikamuuliza mwalimu wa madrasa. Akaniambia hapana, mama, cheka. Kwa hiyo nakushukuru."

Sentensi yangu ilikuwa bado mdomoni.

"Halafu nikakumbuka," akaendelea. "Ile siku aliyotoka ofisini kwako alirudi nyumbani anacheka. Akasema, 'Leo Mluguru kanishinda.' Nikamuuliza, kakushindaje? Akasema, 'Nimemwambia la kweli, kaligeuza utani, na mimi nikakosa la kumjibu.' Akasema atakutafuta siku nyingine akuambie vizuri."

Nje Abasi alikuwa anapepeta. Nilisikia mchele unavyopanda na kushuka kwenye ungo.

"Hakusema ni la kweli lipi?" niliuliza.

"Hakusema. Na wewe usiniambie, shemeji. Mambo yenu ya Baraza siyataki tena ndani ya nyumba hii. Mimi nataka ile cheko yake tu. Nimemwambia Abasi siku ya kikao aende akawaeleze kwa niaba yangu. Wakikutoa kwa utani, watakuwa wamemzika Salum mara ya pili."

Ningeweza kusema. Pazia ni kitambaa, si ukuta. Sentensi ilikuwa na maneno sita.

"Ahsante, shemeji," nilisema.

Nikainuka nikaenda.

*

Kikao maalum kilikaa wiki ya pili ya Mei. Ukumbi ulijaa. Wauza mitumba walikaa nyuma, Martina mbele yao amejifunga kitambaa cheusi. Kiti changu kilikaliwa kwa muda na Mzee Tomasi, diwani mkongwe kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najadiliwa.

Ezekiel alisimama akasoma hoja yake. Hakunitukana. Alisoma maneno niliyoyasema kaburini, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma risala.

"'Nilichoka kusemwa na mpagazi. Nikautafuta ukuta, nikamwangushia.' Waheshimiwa, mimi ni mgeni wa mila zenu. Huenda sielewi. Lakini mtu amekufa kwenye jengo la Manispaa, na kiongozi wa Manispaa amesema hayo. Mimi nimemuuliza swali moja, hajanijibu. Naomba Baraza limuulize."

Minong'ono ikapita. Niliona vichwa vinaitikia, hata vya watu wangu.

"Familia ya marehemu imeomba kusema," alisema Mzee Tomasi. "Baraza linaridhia?"

Likaridhia. Abasi akapita mbele kwa fimbo yake. Akasimama, akamtazama Ezekiel juu mpaka chini.

"Mwanangu, shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, mzee," alisema Ezekiel haraka. Watu wakacheka.

"Marahaba. Sasa nikufundishe. Huyu Meya wako ni mtumwa wetu. Babu yetu alipopita hapa na msafara aliwakuta hawa wamening'inia mlimani kama kima, akawashusha kwa ndizi."

Ukumbi ukalipuka.

"Mtumwa akizika bwana wake lazima aseme maneno. Angenyamaza, mimi mwenyewe ningeenda polisi! Ningesema, mtani amenyamaza, huyu ana lake moyoni." Akagonga fimbo. "Mjane wa Salum yuko ndani ya eda. Amenituma niseme hivi: mume wangu alikwenda kwa Mola wake akiwa na mtani mmoja, msiniulie huyo aliyebaki. Nimemaliza. Kama kuna chai, nileteeni."

Walipiga makofi mpaka kengele ikagongwa. Martina alikuwa analia na kucheka pamoja. Ezekiel alikuna kidevu, akasimama tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi si mtu wa kushindana na wafiwa. Kama wenyewe wamesema ulikuwa utani, ni utani. Naiondoa hoja yangu." Akanigeukia. "Na ninamwomba Meya radhi."

Alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu pekee aliyeuliza swali sahihi alikuwa amesimama mbele ya mji mzima ananiomba radhi.

Kwenye benchi la wataalamu, Leonard aliinamisha kichwa akashusha pumzi ndefu.

"Kuna mwenye neno kabla sijafunga?" aliuliza Mzee Tomasi, tayari ameshika kengele.

Niliona mkono umenyooshwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni wangu.

"Meya, tafadhali."

Nikasimama. Nikashika meza.

"Mzee Abasi amesema kweli juu ya utani," nilisema. "Hakuna alipokosea. Lakini mimi siku ile sikutania. Salum nimemuua mimi."

Mzee Tomasi akaishusha kengele.

Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Walicheka kuliko mara ya kwanza. Watu walipiga meza. Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Apewe kofia nyingine!" Mzee Tomasi alivua miwani akafuta machozi. Hata Ezekiel, masikini, alicheka, akifurahi kwamba hatimaye ameelewa mila.

"Mnaona!" alisema Abasi. "Mnaona mtani huyo!"

Akanijia na fimbo yake, mikono imefunguka, akanikumbatia mbele ya Baraza. Nilisikia mbavu zake zinavyotikisika kwa kucheka. Alinukia tumbaku, kama Salum.

Akanisogeza nyuma kidogo, mikono yake bado mabegani kwangu, anitazame vizuri usoni amalizie mzaha wake.

Hakuumalizia. Alinitazama jicho moja, kisha jingine. Kicheko kikamkatikia mdomoni huku wengine wote wakiendelea.

"Severin," alisema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. "Rudia."